Mtulinga wa Shija, Mikono Yangu

Hakuna jambo linaloweza kunishangaza mimi. Nimeshika taa juu ya tumbo lililo wazi huku mwenye tumbo akiimba nyimbo za kulimia ndani ya usingizi wa dawa. Nimemtoa mtu ndoana ya kambare kwenye kope, na jicho likabaki likiniangalia. Nimempokea fundi bati aliyeanguka kutoka paa la kanisa, akanyanyuka, akapanda tena kumalizia bati lake, ndipo akaja hospitali kutuonyesha mkono uliovunjika. Kwa hiyo ninyi mnaobaki kwenye chumba cha plasta msiseme Magesa amestaafu kwa kuchoka. Nina meno yangu yote na mgongo wangu umenyooka. Nimeondoka kwa sababu sikuona kipya.

Mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Vyeo vyangu mnavijua, na mshahara wetu haukuwahi kuwa habari ya kuandikwa, kwa hiyo hivyo viwili naviruka.

Nilitoka kwetu Majita miaka ya hamsini ikianza, nikashuka bandarini Mwanza na blanketi moja na darasa la pili. Msinicheke. Sikuacha shule kwa ujinga. Mwalimu alihamishwa na darasa likahama naye. Hospitali walinichukua nifagie chumba cha upasuaji. Siku ya kwanza kabisa, kabla sijauona ufagio wenyewe, dresa mkuu, mkubwa wa wafunga vidonda, aliniita nishike mguu wa mtu aliyekatwa na shoka. Nilishika. Kisha nikaona nimekaa chini.

"Unakaa?" akaniuliza.

"Nakagua sakafu, mzee. Ndiyo kazi niliyoajiriwa."

Huyo ndiye Mzee Athumani, mwalimu wangu. Alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, babu yake alikuja Mwanza na misafara ya biashara, mama yake Msukuma wa Butimba. Kofia yake ya kushona kwa mkono aliivua mlangoni tu, akaiweka juu ya msumari ambao hakuna mwingine aliyethubutu kuutumia. Hakunifukuza. Alinipa maji nikanywa, akasema, "Sakafu ukishaikagua, simama uje ushike mguu."

Alinifundisha kuchemsha vyombo. Koleo, mikasi, sindano, vyote vinaingia kwenye maji yanayotokota, na huvitoi kwa sababu unavionea huruma au kwa sababu daktari anaita. Tulikuwa na keekee ya kutobolea mfupa, ya kuzungusha kwa mkono. Ilifanana kabisa na ya seremala, tofauti ni kwamba yetu ilichemshwa. Niliipenda kuliko vyombo vyote. Niliipaka mafuta, nikaifunga kwenye kitambaa chake, na mtu akiigusa bila kuniambia nilijua.

Lakini jina langu nililipata kwa mtulinga. Mtulinga ni ule mfupa mwembamba kati ya shingo na bega, na mnajua unavyovunjika: mtu ameanguka kwa bega, kutoka kwenye baiskeli, kutoka kwenye paa, kutoka juu ya mzigo. Ukanda wetu huu, msimu wa pamba ukifika, mitulinga ilikuja kama wateja wa duka. Na mingi haihitaji kisu. Unamketisha mgonjwa kwenye kigoda, mikono kiunoni kama mtu anayegomba. Unamwekea goti katikati ya mgongo, unamvuta mabega nyuma, halafu unamfunga bandeji ya nane: inapita mbele ya bega hili, chini ya kwapa, inakatiza mgongoni, inakwenda bega la pili. Kwapani unajaza pamba, la sivyo vidole vitakufa ganzi. Ukiifunga sawasawa, mtu husimama kifua mbele, mabega nyuma, kidevu juu, na ncha za mfupa hukutana zenyewe.

Tulijifunza kwa kufungana sisi kwa sisi. Zamu yangu ilipofika, Mzee Athumani alinizunguka mara moja akairudisha bandeji mfukoni.

"Wewe haikufai," akasema. "Umezaliwa nayo."

Walicheka mpaka wagonjwa wakacheka. Mimi sikuona kosa la kusimama vizuri. Na baada ya miaka michache hakukuwa na mtu kuanzia Musoma mpaka Geita aliyeweza kufunga bandeji ya nane kunishinda, na Mzee Athumani mwenyewe alikiri, ingawa alikiri kwa kunyamaza.

Sasa niwaeleze ya Shija, maana ndiyo mnayoniuliza kila siku mkitaka kucheka.

Ulikuwa mwaka wa Uhuru wenyewe, msimu wa kuuza pamba. Shija alikuwa kijana wa Usagara, hapo nje ya mji, mrefu, mpakiaji wa magunia. Alianguka kutoka juu ya lori la pamba pale njia panda ya kwao, akalala chini na gunia juu yake. Mtulinga wa kushoto ukavunjika katikati. Nikamfunga. Nikampa na maneno yangu ya kila siku: bandeji aliyoifunga Magesa haifunguliwi na mtu mwingine, usilale kifudifudi, usibebe kitu, usiiname. Akarudi kwao.

Alipokuja kukaguliwa, mfupa ulikuwa umenyanyuka chini ya ngozi kama mti wa hema. Bandeji ilikuwa inaning'inia.

"Nani amefungua bandeji yangu?"

"Imejilegeza yenyewe, bwana dresa."

"Bandeji yangu haijawahi kujilegeza tangu nianze kazi."

"Labda imekuchoka," akasema Mzee Athumani kutoka kwenye meza ya dawa.

Nilimfunga upya, kwa nguvu zaidi, na nikaomba alazwe wodini niwe namwona. Wiki iliyofuata ilikuwa imelegea tena. Mimi, ambaye watu walitoka Ukerewe kwa mtumbwi kuja kufungwa na mkono wangu. Nililala vibaya kwa sababu ya bandeji ile.

Nilipata jibu siku ya kutazama wagonjwa. Nilikuwa nyuma ya pazia nikikunja pamba. Shija alikuwa amekaa kitandani kifua mbele, kama nilivyomwacha. Akachungulia dirishani. Nikamwona anaingiza mkono ndani ya shati haraka, anavuta fundo, mabega yakashuka. Mlangoni akaingia mzee mwembamba mwenye mwavuli mweusi na kibuyu cha maziwa mgando. Shija akateremka kitandani, akachutama mpaka chini, macho sakafuni, akanyoosha mkono wa kulia huku wa kushoto, ule mbovu, ukishika kiwiko cha wa kulia.

"Mwangaluka, baba," akamwamkia kwa Kisukuma.

Nilisikia mfupa wangu mwenyewe ukiniuma.

Mzee alipoondoka nilitoka nyuma ya pazia. "Nimeona," nikamwambia.

Shija akasema, "Sasa nifanyeje, bwana dresa? Yule ni Mzee Lushinge. Binti yake Kabula ndiye ninayemwoa. Bandeji yako inanitoa kifua kama bwana shamba anayekuja kutoza faini. Nimsimamie hivyo mtu anayenipa binti?"

"Si umwambie umevunjika?"

"Anajua nimevunjika. Kuvunjika siyo ruhusa ya kumdharau mtu."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani anapita kwetu kila asubuhi akienda malishoni."

Nikahesabu kichwani asubuhi zote hizo nikaacha kuhesabu. Halafu akaniambia lililobaki. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kwenda kwa mzee, lakini mzee alikuwa amesema mbele ya watu kwamba binti yake haendi kwa mwanamume wa mkono mmoja. Mkono usipoinuka, ng'ombe watarudi na Kabula atabaki. Kwa hiyo angalieni kijana alivyobanwa. Akiinama, mfupa hauungi. Mfupa usipounga, mke hapati. Na asipoinama, mke hapati vilevile.

Daktari wetu wakati ule alikuwa Mzungu mpole. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na neno alilolipenda ni pole, kwa hiyo wagonjwa walimwita Bwana Pole. Alisema pole kabla ya kukata na pole baada ya kukata. Alimshika Shija bega, akaona ngozi juu ya ncha ya mfupa imekuwa nyembamba na inang'aa, imebaki kidogo itoboke. Akatazama picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Pole," nami nikaenda kuchemsha keekee.

Upasuaji wa mtulinga ulikuwa nadra kwetu, na msiuchukulie kama kazi ndogo kwa sababu mfupa ni mdogo. Chini yake umepita mshipa mkubwa wa damu wa mkono, na chini ya mshipa lipo pafu. Tulimlaza Shija chali, mfuko wa mchanga katikati ya mabega ili kifua kifunguke. Mzee Athumani alimpa nusukaputi, tone kwa tone juu ya kitambaa usoni, akimwambia ahesabu ng'ombe. Alifika wa saba akalala. Bwana Pole alikata, akasafisha nyama iliyokuwa imeanza kujipenyeza katikati ya ncha mbili, maana nyama ikishakaa hapo mfupa hauungi hata ungeomba. Mimi nilishika vikulabu vya kupanulia kidonda. Akatoboa kipande cha nje kwa keekee, pini ya chuma ikapita mpaka ikatokea nyuma ya bega, akazileta ncha mbili uso kwa uso, akairudisha pini ndani ya kipande cha pili. Ncha iliyobaki nje akaipinda kwa koleo.

"Anaipinda kwa nini?" nikamuuliza Mzee Athumani, ingawa nilijua.

"Pini ina miguu. Usipoipinda, inatembea kwenda kwenye pafu."

Ilikuwa kazi safi. Naweza kusema bila majivuno kwamba mtu aliyeshika vikulabu alivishika vizuri.

Lakini nilipokuwa naosha vyombo nilijua hatujamaliza. Pini ile haikuwa nene kuliko kijiti cha mshikaki. Mtu akiinama nayo kila asubuhi kwa mkwe wake, itapinda, au itatembea. Bwana Pole alinituma nimwambie Shija marufuku kuinama. Nikamwambia. Akajibu, "Ndiyo, bwana dresa," na ndiyo ile niliifahamu. Ni ndiyo wanayoisema watu wanapokukubalia ili uondoke.

Siku yangu ya mapumziko nikapanda baiskeli mpaka Usagara. Nilimkuta Mzee Lushinge uani kwake na wazee wenzake wawili, wamekaa kwenye vigoda. Kabula alikuwa anatwanga karibu na ghala, msichana mwenye macho ya kucheka hata mdomo ukiwa umefunga. Nikaamkia, nikakaribishwa, nikaeleza habari ya pini.

Mzee Lushinge alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo serikali imemkataza kijana kuniheshimu," akasema.

"Siyo serikali, mzee. Ni chuma."

"Chuma cha nani?"

"Cha serikali."

Wazee wakatazamana. Mzee Lushinge akasema taratibu, bila hasira, "Mimi sina ugomvi na chuma. Lakini ng'ombe wake wako zizini kwangu na watu wanapita wanatazama. Akiniangalia kifua mbele muda wote huo, heshima yangu itakuwa inakaa wapi?"

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. "Itakaa kwangu," nikasema. "Ukija hospitali, mimi nitakuamkia badala yake. Mikono hii inajulikana Mwanza nzima. Yeye atakaa wima, mimi nitainama."

Mzee mmoja akauliza, "Mikono yote miwili?"

"Yote miwili."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mfupa uunge, na mzee mwenyewe aseme umeunga."

Walikubali upesi mno. Mtu mwingine angeliona hilo. Kabula aliacha kutwanga, akanipa maziwa, akasema, "Karibu, shemeji," nikadhani ni utani.

Niliporudi nilimsimulia Mzee Athumani jinsi nilivyomaliza shauri kubwa kwa maneno machache. Alikuwa anakunja bandeji. Akaacha kukunja.

"Ulisema mpaka mzee aseme?"

"Ndiyo."

"Mbele ya wazee?"

"Wawili."

"Basi Magesa, umeoa."

Mambo yalikwenda vizuri. Kila Mzee Lushinge alipokuja na kibuyu chake, mimi niliacha nilichokuwa nafanya, nikachutama katikati ya wodi, mkono wa kushoto chini ya kiwiko, nikasema mwangaluka kwa lafudhi ya Kijita. Shija alikaa kitandani ametazama ukutani kama mtu asiyehusika. Wagonjwa walikuwa wanasubiri siku hiyo kuliko siku ya nyama. Lakini bandeji ya kutundikia mkono haikuguswa, na kidonda kilikauka safi.

Daktari aliporuhusu, tulianza mazoezi. Kwanza mkono unaning'inia na kubembea kama kata mtungini. Halafu vidole vinapanda ukutani, pole pole, kama buibui. Nilimchorea alama za mkaa kwenye ukuta wa veranda. Kabula alikuwa akija anasimama pembeni ya alama.

"Jana ulifika hapa," anamwambia.

"Jana hapakuwa na baridi."

"Mwanza hakuna baridi. Panda."

Anapanda. Wauguzi waliupaka chokaa ukuta ule baadaye, lakini mkaa ulionekana kwa miaka.

Mvua za vuli zikaanza. Siku moja akaja mtu wa Usagara mpaka kwenye dirisha la chumba cha plasta, akaniuliza kama mimi ndiye mikono.

"Mikono gani?"

"Mikono ya Shija. Mzee anasema mvua imenyesha. Mikono ije."

Nilidhani nitasalimia tu. Nilipofika nilipewa jembe. Wakwe wengine wawili wa mzee, waume wa dada zake Kabula, walikuwa shambani tayari, wamevua mashati, wakanionyesha mstari wangu wa pamba ulipoanzia. Ulipoishia sikuona. Shija alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani wakati huo, amekaa kwenye kigoda kwenye kivuli, mabega nyuma, kifua mbele, kama nilivyomfundisha mwenyewe.

"Bwana dresa," akaniita, "mstari wako unapinda."

"Bwana Shija, usinizungumzishe nikiwa kazini."

Kabula alipita na maji. "Mwache," akasema. "Mikono yake inajulikana Mwanza nzima. Jembe tu halijapata habari."

Nilikwenda mara ya pili na ya tatu. Mara ya tatu nilivunja mpini wa jembe la mzee kwenye jiwe. Nilirudi kazini nimefunga viganja vyangu bandeji, na Mzee Athumani aliwaambia wagonjwa kwamba nimefundishwa namna mpya ya kufunga.

Pini ilitolewa kabla ya sherehe za Uhuru. Ilitoka laini, imenyooka, bila kutembea hata kidogo, na Bwana Pole aliiweka mezani akaitazama, kwa mara ya kwanza bila kusema pole. Siku ya Uhuru tulisimama uwanjani, mji mzima umejaa, ngoma pande zote, watu wamenyanyua mikono juu. Shija alikuwa mbele yangu na Kabula. Wenzangu walitazama bendera. Mimi nilitazama bega. Lilipanda sawa na lenzake, mkono ukanyooka mpaka juu kabisa, kiganja kimefunguka, na nikapiga kelele kuliko mtu yeyote. Mtu wa kando yangu alinisifu kwa uzalendo.

Lakini Mzee Lushinge alikuwa hajasema. Nilimwamkia uwanjani palepale, mikono miwili, kwenye vumbi, na suti yangu. Akaitika, akaenda zake. Kulikuwa bado na palizi.

Alisema siku ya harusi. Watu wamejaa uani, ng'ombe wa kuchinjwa amefungwa, Mzee Athumani amekaa na wazee akiwa na kofia yake. Shija akaja mbele ya baba mkwe, akachutama kwa miguu yake, akainama kwa mabega yake, akatoa mikono yake miwili. Mzee hakuipokea mara moja. Alimfunua nguo begani, akapitisha kidole gumba juu ya mtulinga kutoka shingoni mpaka mwisho, akarudi katikati.

"Kuna kinundu," akasema.

Mimi sikuweza kusubiri. "Mzee, kinundu ndipo mfupa ulipojishona. Hapo sasa pana nguvu kuliko..."

"Sijakuuliza wewe." Akamwonyesha Shija mtungi wa pombe uliokuwa pembeni, umejaa. "Nyanyua."

Shija aliukumbatia, akaunyanyua mpaka kifuani, mpaka usawa wa kichwa, akaushikilia juu hapo. Kabula aliziba mdomo kwa kiganja. Tone halikumwagika.

"Umeunga," akasema Mzee Lushinge.

Vigelegele vilipigwa. Mimi nilivuta pumzi, nikanyoosha mgongo, nikasimama vizuri kama kawaida yangu. Mzee akageuka.

"Na wewe mkwe, mbona kifua mbele?"

Nikachutama. Nini kingine. Akanipokea mikono yote miwili, akaishika, hakuiachia, akawaambia watu kwamba mikono hii ilikuwa imekaa kwake, imekula kwake, imemlimia na imemvunjia jembe, na kwamba kwa desturi mkwe anapomchukua mke huaga kwa blanketi la baba, shuka ya mama, na kurudisha alichoharibu. Wazee wawili walitikisa kichwa kwamba ni kweli. Shija akasema yeye ya kwake amekwisha leta. Mzee Athumani alikuwa ameinamisha uso ndani ya kofia yake na mabega yanatikisika.

Sikushangaa. Niliwahi kusema hakuna linalonishangaza, na sitabadilisha maneno kwenye karatasi hii. Nilikwenda tu dukani mjini, nikauliza bei ya vitu vyote vitatu kwa pamoja, na nikamwomba mwenye duka arudie. Shilingi hamsini na nne na senti thelathini.